Nyara za uwindaji: jinsi ya kuzifikisha nyumbani bila kuvunja sheria

Swali: Mwakani nakwenda kuwinda nje ya nchi kwa mara ya kwanza. Kwenye orodha yangu kuna tandala, pundamilia, nyani na, bahati ikiwepo, chui. Kampuni ya uwindaji inasema mambo ya nyara niwaachie wao. Je, inatosha? Naweza kurudi na ngozi kwenye begi langu? Na mke wangu ameniomba mkufu wa ukucha wa chui, unaruhusiwa?

Jibu: Ndugu yangu, haitoshi. Kampuni itakayokuongoza porini inajua sheria za nchi yake, na kwa kawaida kazi yake inaishia pale mzigo unapotoka nchini humo. Lakini nyara zako zitapitishwa au kuzuiliwa kwenye mpaka wa kwenu, kwa sheria za kwenu, na atakayeandikwa kuwa mwingizaji ni wewe. Kwa hiyo namshauri kila mwindaji aanzie mwisho. Jua kwanza nchi yako inaruhusu nini kiingie, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi siku ya kulipa amana ya safari. Kama bado hujalipa, soma jibu hili lote kabla hujatoa fedha.

Ngozi ya chui aliyewindwa kwa leseni na ngozi ya chui aliyenaswa na jangili hazitofautiani kwa macho. Ofisa wa forodha anayefungua kreti yako hana njia ya kujua ilivyokuwa kule porini. Ana karatasi tu. Kila karatasi inapaswa kumwonyesha kwamba mnyama huyu, mwenye lebo hii, aliwindwa na mtu huyu, mahali hapa, tarehe hii, kwa leseni hii. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, nyara inashikwa, na mara nyingi hairudi. Mnyama anakuwa amekufa na hakuna aliyefaidika naye kama ilivyokusudiwa. Hilo ndilo linaloniumiza kila ninapoona shehena imezuiliwa kwa kosa ambalo barua moja iliyoandikwa mapema ingelizuia.

Sheria kuu ya kimataifa ni mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Leo nchi zaidi ya 180 ni wanachama. Mkataba huo hauzuii uwindaji. Unasimamia kile kinachovuka mpaka. Umewapanga viumbe katika viambatisho vitatu, yaani orodha tatu, ya I ikiwa ya walio hatarini zaidi na yenye masharti makali kuliko ya II, na wanyama wako wanne wameangukia mahali tofauti kabisa, kwa hiyo nitakujibu kwa kuwafuata hao hao.

Tandala hayumo kwenye kiambatisho chochote. Hahitaji kibali cha CITES, na wengi hudhani basi amekwisha malizika. Sivyo. Utahitaji leseni ya uwindaji na kibali cha kusafirisha nyara cha nchi alikowindwa, kisha kuna suala la magonjwa ya mifugo. Tandala ni mnyama wa kwato anayecheua, na nchi nyingi zinaogopa ugonjwa wa miguu na midomo kuliko zinavyoogopa ujangili. Marekani, kwa mfano, nyara za wanyama wanaocheua zinazotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, zikiwa bado hazijakamilishwa na fundi, hupelekwa moja kwa moja kwenye karakana iliyoidhinishwa na idara ya kilimo. Hazipiti kwako kwanza. Ngiri naye anabanwa vivyo hivyo kwa sababu ya homa ya nguruwe ya Afrika. Ndiyo maana mnyama asiyetajwa na CITES anaweza kukusumbua kwenye dawati la mifugo kuliko chui.

Pundamilia anategemea ni yupi. Pundamilia wa nyikani, Equus quagga, hayumo kwenye viambatisho. Pundamilia wa milimani, Equus zebra, yumo Kiambatisho II na anahitaji kibali cha CITES cha kusafirishia. Yule wa Grevy yumo Kiambatisho I. Zipo nchi, Namibia ikiwa mojawapo, ambako wa nyikani na wa milimani huwindwa wote, pengine katika safari hiyo hiyo. Leseni iliyoandikwa “pundamilia 1” bila jina la kisayansi ni mlango wa matatizo. Dai jina la kisayansi liandikwe kwenye leseni, kwenye daftari la uwindaji na kwenye kila kibali, na liwe lile lile kila mahali.

Nyani huwashangaza wengi. Kwa wenyeji anaweza kuwa mharibifu wa mashamba asiye na thamani, lakini jamii yote ya nyani, tumbili na sokwe imo ndani ya CITES, na wote wako angalau Kiambatisho II. Juu ya hayo kuna afya ya binadamu: magonjwa ya wanyama hawa hutuambukiza kirahisi, hivyo nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, zinataka uthibitisho kwamba nyara imetibiwa kiasi cha kutoweza kuambukiza. Kama nyani alikuwa mnyama wa kujaza nafasi tu, fikiri upya kama unamtaka kweli.

Sasa chui. Huyu ni wa Kiambatisho I, na hapa utaratibu unageuka. Kwa mnyama wa Kiambatisho II, mkataba wenyewe unadai kibali kimoja, cha nchi anakotoka. Kwa Kiambatisho I vinatakiwa viwili, na kile cha kuingiza nchini kwenu ndicho kinachotangulia, kwa sababu nchi ya uwindaji haipaswi kutoa kibali chake kabla haijaridhika kwamba cha kwenu kimetoka. Kabla ya kukupa, wataalamu wa nchi yako hujiuliza kama kuingizwa kwa nyara hiyo kutadhuru uhai wa aina hiyo ya mnyama porini, na kama matumizi yake si ya kibiashara. Ombi hili huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Usiliache mpaka urudi ukiwa na picha kwenye simu.

Chui pia ana mgao wa mwaka kwa kila nchi uliokubaliwa chini ya CITES; Namibia, kwa mfano, ilikubaliwa 250. Kila ngozi inayotoka inapaswa kuwa na lebo yenye kufuli isiyofunguka, inayoonyesha nchi, mwaka na namba ya mnyama ndani ya mgao. Lebo hiyo isikatwe na mtu yeyote, hata fundi wa ngozi akikuambia inamsumbua. Meno ya tembo nayo yana utaratibu wake wa kugongwa alama: herufi za nchi, mwaka, namba na uzito kwa kilo, kwenye jino lenyewe. Wewe hukumtaja tembo, lakini mipango hubadilika mkiwa kambini.

Na hilo la mipango kubadilika nalitilia mkazo. Mwongozaji atakuambia siku ya nne kwamba kuna kiboko mzuri na leseni ipo. Swali lako lisiwe kama leseni ipo, bali kama nyara ya kiboko inaingia nchini kwenu na kwa masharti gani. Kabla ya kuondoka, pitia orodha nzima ya wanyama wa kitalu chako, yaani eneo la uwindaji ulilopangiwa, hata wale usiowakusudia, uandike mbele ya kila mmoja: hapana kikwazo, kibali cha huko, vibali viwili, au marufuku. Orodha hiyo ikae mfukoni mwako, kwa sababu porini hakuna ofisa wa kumpigia simu.

CITES ni sakafu, si dari. Kila nchi inaruhusiwa kuweka masharti makali zaidi, na nyingi zimeweka. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2015, unadai kibali cha kuingiza pia kwa nyara za wanyama sita ambao kabla ya hapo wengi walipita kwa kibali cha kusafirishia peke yake: simba wa Afrika, tembo wa Afrika, kiboko, faru mweupe wa kusini, dubu wa barafu na kondoo-mwitu argali. Ndani ya Umoja huo huo, Ufaransa ilisimamisha uingizaji wa nyara za simba mwaka 2015, na Uholanzi mwaka uliofuata ikafunga mlango kwa aina zaidi ya 200. Australia nayo ilizuia nyara za simba mwaka 2015. Marekani ina orodha yake ya viumbe walio hatarini, iliyo tofauti na viambatisho vya CITES, na simba na tembo wanahitaji kibali cha ndani hata pale ambapo mkataba haudai.

Mlango unaweza kufungwa ukiwa tayari umeshawinda. Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe, ilhali uwindaji wenyewe uliendelea kihalali katika nchi hizo. Mei 2008 ilimwingiza dubu wa barafu kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, na Wamarekani waliokuwa wamemwinda Kanada kwa leseni halali, bila kuwa bado wameingiza ngozi zao, walijikuta nyara zimebaki upande wa pili wa mpaka. Hakuna sheria ya Kanada waliyovunja. Hivyo usitegemee simulizi ya rafiki aliyewinda miaka miwili iliyopita. Iandikie mamlaka ya CITES ya nchi yako, taja mnyama kwa jina la kisayansi, taja nchi na mwezi wa uwindaji, na uombe jibu la maandishi.

Mkataba wako na kampuni ya uwindaji nao useme nani anaomba kibali gani, nani analipia usafirishaji, na nini kitafuata kama mnyama akizuiliwa kutoka. Wengi husaini kurasa zinazoeleza hema na chakula kwa kina, na nyara zimepewa mstari mmoja.

Jambo jingine lisilosemwa sana: kosa la porini linasafiri pamoja na nyara. Marekani ina sheria ya Lacey, ya tangu mwaka 1900, ambayo kwa sasa inamfanya mtu awe mkosaji akiingiza mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria ya nchi nyingine. Ukiwinda nje ya mpaka wa kitalu, au kabla leseni haijatolewa, au usiku mahali pasiporuhusiwa, kibali kizuri cha kusafirishia hakikusafishi. Uliza sheria za umri, jinsia na muda wa kuwinda wewe mwenyewe. Kuna nchi, Tanzania mojawapo, ambako simba anayewindwa anapaswa kuwa dume aliyetimiza umri uliowekwa, na meno na fuvu hukaguliwa baadaye. Mwongozaji akikuharakisha na wewe huna uhakika, shusha bunduki.

Mnyama akishaanguka, kazi ya karatasi ianze jioni ile ile. Jaza daftari la uwindaji na ulisaini. Piga picha leseni, lebo, na ukurasa wa daftari. Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, majina yote kwa mpangilio ule ule. Nimeona mizigo ikikaa ghalani kwa sababu leseni ilibeba majina mawili na kibali kikabeba matatu.

Kisha kuna kutayarisha ngozi na mafuvu, na hapa sheria na ufundi ni kitu kimoja. Fuvu na pembe zichemshwe mpaka pasibaki nyama, mafuta wala ubongo, halafu zisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Mabaki ya nyama ndani ya tundu la pua yanatosha kuzuia shehena. Ngozi ikwanguliwe vizuri, itiwe chumvi bila ubahili hasa masikioni, midomoni na kwenye vidole, kisha ikaushwe. Kwa ngozi za wanyama wa kwato ambazo hazikukaushwa wala kufanyiwa matibabu mengine yanayokubalika, Umoja wa Ulaya unataka ziwe zimekaa kwenye chumvi siku 14 au zaidi kabla ya kuondoka. Mwishoni daktari wa serikali wa mifugo anatoa cheti cha afya kinachoeleza matibabu hayo. Pata nakala ya mfano wa cheti kinachotakiwa na nchi yako na uipeleke kwa msafirishaji mapema. Cheti chenye maneno tofauti na yanayotakiwa kinaweza kukataliwa hata kama kazi ilifanyika sawasawa.

Utatengenezea kichwa cha tandala huko huko, au utaleta mbichi utengenezee kwenu? Mimi napendelea kuleta ngozi iliyotiwa chumvi na kufanya kazi na fundi wa nyumbani unayeweza kumtembelea, lakini napendelea hivyo tu pale nchi yako inapokuwa na mafundi walioidhinishwa kupokea nyara mbichi. Kama hakuna, tengenezea huko. Nyara iliyokamilishwa hupita kirahisi zaidi kwa wakaguzi wa mifugo, ila kreti yake ni kubwa, usafirishaji ni ghali, na ushuru unaweza kupanda kwa kuwa thamani imeongezeka.

Vibali vikitoka, visome kabla mzigo haujaondoka. Omba picha yake na uikague mwenyewe. Kibali cha CITES cha kusafirishia hudumu miezi sita kwa kiwango cha juu, na cha kuingiza miezi 12. Mzigo ukifika kibali kimepitwa na wakati, ni kama hakikuwahi kuwepo. Alama ya lengo iwe H, ambayo ni nyara ya uwindaji, na ya chanzo iwe W kama mnyama aliishi porini. Idadi ya vipande ilingane na kreti: kama kibali kinasema ngozi 1 na fuvu 1, usiongeze kucha zilizong’oka wala mifupa midogo ya bega ambayo wawindaji hupenda kuiweka. Chui ana kucha 18. Zilizobaki kwenye ngozi zihesabiwe, zilizotoka ziandikwe. Na muhimu kuliko yote, siku ya kuondoka ofisa wa nchi ya uwindaji athibitishe kwenye kibali, kwa idadi, sahihi na mhuri, kwamba hivyo ndivyo vilivyosafirishwa. Kibali halali kisicho na uthibitisho huo hukataliwa upande wa pili, na kupata kibali cha baada ya tukio ni jambo ambalo mamlaka nyingi hazikubali.

Kreti ya mbao iwe na mhuri wa kiwango cha kimataifa cha ISPM 15, unaothibitisha kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu, mfano kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Chagua njia yenye vituo vichache. Nchi ya kupitia inaweza kuwa na masharti yake, na mashirika ya ndege nayo yana yake: baada ya kuuawa kwa simba Cecil nchini Zimbabwe mwaka 2015, Delta na mashirika mengine kadhaa yaliacha kubeba baadhi ya nyara, hata zenye vibali. Pata uthibitisho wa shirika kwa maandishi kabla ya kufunga kreti.

Hapo naingia kwenye begi lako. Ngozi mbichi, hapana. Hata kama ungepata vibali kwa haraka kiasi hicho, muda wa chumvi na ukaguzi wa daktari hautoshei ndani ya safari ya kawaida. Pembe zilizosafishwa kabisa za mnyama asiye kwenye CITES zinaweza kuruhusiwa na baadhi ya nchi ukiwa nazo mwenyewe, lakini kwa karatasi zote za asili mkononi na kwa kuzitangaza forodhani, tena kwenye kituo chenye wakaguzi wa wanyamapori. Umoja wa Ulaya na Marekani huteua vituo maalumu kwa kazi hiyo. Ukipita mlango wa wasio na cha kutangaza huku una pembe begini, umegeuza uwindaji halali kuwa magendo. Tumia msafirishaji wa mizigo anayeshughulika na nyara, na kwenu umwajiri wakala wa forodha aliyewahi kuzipitisha, ukimpa barua ya uwakilishi. Mwombe akuonyeshe ni hati gani atawasilisha. Kwa Marekani, kwa mfano, lazima pawepo fomu ya tamko la wanyamapori namba 3-177.

Nyama ni habari nyingine kabisa. Iache huko, wenyeji wataifurahia.

Mkufu wa mke wako, sasa. Ukucha wa chui ni sehemu ya chui, ukiwa umezungushiwa dhahabu au la. Azimio la CITES la mwaka 2016 kuhusu nyara linakubali kitu kilichotengenezwa kutokana na mnyama uliyemwinda mwenyewe, ilimradi kimetajwa kwenye kibali, ni cha matumizi yako binafsi, na kinasafirishwa nawe au kwa niaba yako kwenda nchi unakoishi. Marekani inaongeza kwamba vitu vya namna hiyo viwe katika shehena moja na sehemu nyingine za mnyama. Kwa hiyo usimpe sonara wa huko ukucha mmoja nawe ukatangulia nao nyumbani shingoni mwa mtu. Lete ngozi nzima na kucha zake, zikiwa zimeorodheshwa. Kisha iandikie mamlaka ya kwenu uulize kama kuutoa ukucha mmoja na kuufanya pambo la mke wako kunaruhusiwa, kwa sababu nchi hutofautiana kuhusu matumizi ya mnyama wa Kiambatisho I baada ya kuingia. Ukipata ruhusa, mweleze mkeo kwamba mkufu huo hauuzwi, na kwamba asivuke nao mpaka bila kibali kipya. Ile ya kununua sokoni ukucha wa chui usiyemwinda isiwepo hata kwenye mawazo: hiyo si nyara yako na hakuna leseni itakayoifunika.

Hati zote za asili ziweke pamoja, na nakala zake mahali pengine. Siku ukihama nchi, utaombwa hizo hizo ili upate cheti cha kusafirisha upya, na watoto wako wataombwa wakirithi.